Mbona mji hauichangii okestra yetu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa muziki mjini Moshi. Tuna okestra ya wapigaji kama arobaini, wengi wao vijana. Tuna fidla, viola, selo, besi, filimbi, klarineti, na wapigaji wa shaba tuliowapata kutoka vikundi vya matarumbeta vya kanisani. Shirika la nje lililotusaidia tangu mwanzo limetuarifu kwamba ufadhili wake unaisha katikati ya mwaka ujao. Tunafanya maonyesho matatu kwa mwaka, na wanaokuja ni wazazi, marafiki wa wapigaji na wageni wachache. Tumepeleka barua za maombi kwa kampuni na ofisi nyingi bila mafanikio. Wengine wanatuambia wazi kwamba huu ni muziki wa Wazungu. Tufanye nini ili mji na mkoa waione okestra hii kuwa ni yao?

Jibu: Mwalimu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeeleza vizuri sana mnachohitaji kutoka kwa mji, lakini sikuona mstari unaosema mji umewahi kupata nini kutoka kwenu, ukiacha yale maonyesho matatu. Sikulaumu. Naliweka mbele kwa sababu naamini hapo ndipo penye ugonjwa, na hapohapo ndipo penye dawa.

Unaishi mahali ambapo watu wanajua kuchanga. Familia ya kipato cha kawaida inakusanya mamilioni ya shilingi kwa harusi moja, ndani ya miezi michache, kwa kamati, kadi, ahadi na simu za kukumbushana, na hakuna shirika la nje linalofadhili hata senti. Kinachoendesha michango ile ni kumbukumbu: fulani alikuja kwetu, nasi tutakwenda kwake. Mtu asiyeonekana msibani wala harusini kwa wenzake, siku akipeleka kadi zake zinabaki mezani. Okestra yenu imepeleka kadi mjini kabla haijaonekana kwa mtu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kwa miezi iliyobaki, punguzeni barua na muanze kuonekana.

Kabla ya kueleza namna, niondoe tumaini moja ninaloliona kwenye maneno yako, kwamba ukumbi ukijaa fedha zitatosha. Hazitatosha. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliieleza sababu yake. Simfoni ya tano ya Beethoven ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Leo bado inahitaji kundi kubwa la wapigaji na zaidi ya nusu saa, kama ilivyokuwa siku ile. Kiwandani mashine mpya hupunguza watu, lakini kwenye okestra huwezi kumwondoa mpigaji wa pili wa oboe ukasema mwenzake atapiga sauti zote mbili. Mishahara na bei vinapanda nchi nzima, na kazi inabaki ileile. Ndiyo maana hata okestra nyingi kubwa za Marekani, zenye kumbi za kifahari, hazipati nusu ya bajeti yake kwenye tiketi, na zile za Ujerumani zinaishi kwa ruzuku ya miji na majimbo. Okestra yoyote hubebwa na watu wanaotoa zaidi ya bei ya kiti walichokalia. Kazi yako ni kuwapata watu hao, na hawaji kwa kuona bango.

Tazama Kinshasa. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbangu. Vyombo havikutosha. Fidla moja ilizunguka kwa watu kadhaa, mmoja anapiga na wengine wanangoja zamu. Uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli, na besi nyingine walichonga wenyewe. Wapigaji ni watu wenye shughuli zao, mafundi umeme, wachuuzi wa sokoni, wanafunzi, wanaokuja mazoezini jioni wakiwa wamechoka. Wamepita katika miaka ya vita na dhiki, mwaka 2010 ikatoka filamu juu yao, na baadaye wamepiga hadi Uingereza.

Watu wanapenda kusimulia ule waya wa breki, na ni kweli unagusa moyo. Ila mimi ningependa utazame zaidi nani aliwazunguka. Okestra ile ilizaliwa ndani ya kanisa la Kimbangu, lenye mamilioni ya waumini, lenye desturi ndefu ya kwaya na bendi za shaba, na lenye mazoea ya kuchangishana kwa ushindani kati ya kundi na kundi. Jumuiya ilikuwapo kwanza, okestra ikaota ndani yake. Ninyi mmeanza na okestra, sasa mnatafuta jumuiya. Inawezekana, lakini itabidi mhamie kwenye jumuiya zilizokwisha kuwapo. Hamna muda wa kujenga nyingine.

Kabla ya Kinshasa kulikuwa na Unguja. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Culture Musical Club ilianza 1958. Hizi ni okestra kamili, zenye safu ya fidla, selo, besi, akodiani, ganuni, udi, nai na ngoma, na simjui Mzanzibari anayeziita za kigeni, ingawa fidla ilitoka Ulaya na ganuni ikaja kutoka Misri. Sultani ameondoka, Mapinduzi yamepita, fedha zimebadilika sura mara kadhaa, na klabu ipo palepale. Inaishi kwa sababu ni chama. Ina wanachama, ina nyumba yake ya kukutania, mazoezi yake ya jioni yanasikika hadi barabarani, ina wapenzi wanaobishana na wapenzi wa upande wa pili, na inapiga kwenye harusi na sikukuu za watu. Halafu msikilizaji wa taarabu ana shughuli ukumbini. Ubeti ukimgusa anainuka, anajongea taratibu hadi jukwaani, anamtunza mwimbaji kwa fedha mbele ya kila mtu, anarudi kwenye kiti chake. Ujumbe umefika na jina lake limeonekana.

Kwenye maonyesho yenu, msikilizaji anaambiwa azime simu, akae kimya, asipige makofi kati ya sehemu moja na nyingine. Sikushauri mfanye watu watunze katikati ya Mozart. Nakushauri ujiulize mtu wa mitaa ya Majengo au Pasua akija, ana kazi gani pale zaidi ya kukaa. Kama hana kazi yoyote, mara ya pili hatarudi.

Palepale Unguja kuna funzo jingine. Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa 2002 na kilichofundisha wapigaji wengi wazuri wa visiwa vile, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kiko hatarini kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili zimekatika. Chuo chenye sifa kubwa na walimu mahiri kilitikisika pale wafadhili wa nje walipoondoka, wakati klabu za karne iliyopita, zinazobebwa na wanachama wake, ziliendelea na mazoezi. Naomba kamati yenu ilizungumze jambo hili kwa muda mrefu kuliko jingine lolote.

Sasa tuje Moshi. Mkoa wa Kilimanjaro una kitu ambacho miji mingi ya Ulaya ingekitamani: watu wengi sana wanaoimba kwa sauti nne kila wiki. Kila usharika na kila parokia ina kwaya, nyingine zina mbili tatu, na vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri vimekuwapo kwa vizazi. Hawa ndio mji. Mwanakwaya mmoja ana mume, watoto, majirani na kikundi cha vikoba. Onyesho lenye kwaya tatu za kutoka sehemu tatu tofauti linajaza ukumbi bila tangazo, maana kila mwimbaji anakuja na watu wake. Na hawaji kutazama. Wanakuja kwa sababu mtu wao yumo.

Lakini msiwaalike kwaya waje waimbe nyimbo zenu. Nendeni mkapige nyimbo zao. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo okestra nyingi huharibu. Mwalimu wa kwaya atakuletea karatasi ya sol-fa, yaani nota za herufi, d, r, m, pengine ya kunakiliwa kwa mkono, na juu yake ameandika doh ni E, yaani wimbo uimbwe kwenye ufunguo wa E. Ukiipokea ilivyo umewatesa wapigaji wako. Tarumbeta la B flati, ambalo nota zake huandikwa sauti nzima juu ya zinavyosikika, litalazimika kusoma kwenye F shapu yenye alama sita za kupandisha sauti, na kijana aliyejifunzia kanisani kwa kusikiliza atakosea kila mstari. Shusha doh hadi E flati. Tarumbeta linasoma F ya kawaida yenye alama moja tu ya kushusha, waimbaji hawaumii kwa nusu sauti, na mara nyingi kwaya isiyo na kinanda huwa imeshateremka hadi hapo ikifika ubeti wa tatu. Ila usimshushie mwalimu wimbo wake kimyakimya. Kaa naye, mpigie pande zote mbili kwenye kinanda, achague mwenyewe. Mkiwa mmekaa hivyo saa mbili mkijadili sauti ya pili iende na viola au na klarineti, umepata mtu atakayeitetea okestra yako kwenye vikao ambavyo wewe hutaalikwa.

Mpe na nafasi ya kuongoza. Siku ya onyesho wimbo wa kwaya yake auongoze yeye, mbele ya okestra nzima, na kondakta wenu akae pembeni. Nimeona jambo hili dogo likifungua milango iliyoshindikana kwa barua za miaka.

Moshi si ya Wakristo peke yao, na okestra ikijulikana kuwa ya kanisa fulani itakuwa imejifungia nusu ya mji nje. Shule ni uwanja wa wote. Mahafali ya kidato cha nne yana wazazi wa kila dini na kila kata, na mara nyingi muziki wake ni spika mbili zinazokoroma. Pelekeni wapigaji kumi na wawili wapige wakati wahitimu wanaingia, na wimbo wa shule uwe umeandaliwa kwa vyombo. Kwa upande wa misikiti na madrasa, msijipangie kutoka nje. Nendeni kwa masheikh na walimu wenyewe mkaulize ni wapi okestra inafaa na wapi haifai, na jibu lolote mtakalopewa mliheshimu. Kule kwenda kuuliza tu kunawaweka kwenye orodha ya watu wenye adabu.

Kuhusu wakati. Nimeona kwenye ratiba uliyoambatanisha na barua kuna onyesho la Aprili. Liondoeni. Aprili ni masika, na mvua ikipiga bati hakuna selo itakayosikika, na mtu aliyeloa barabarani hatakumbuka kingine. Hamkupanga chochote kati ya tarehe 20 Desemba na mwaka mpya, wakati ambapo Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi, mabasi yamejaa na migombani kuna watu usiowaona mwaka mzima. Hao ndio wenye uwezo, wana muda, na mioyo yao iko nyumbani. Onyesho kubwa la mwaka liwe siku hizo, na watoto wanaopiga watajwe na kwao: huyu ni wa Marangu, huyu wa Machame, huyu wa Kibosho, huyu wa Upareni. Mtu aliyeishi Dar miaka ishirini akisikia kijiji chake kikitajwa kwa heshima, mkono wake unakuwa mwepesi.

Kuhusu muziki wa Wazungu, usibishane na mtu kwa maneno. Mpe sababu ya kujisikia yumo. Louisville ni mji wa jimbo la Kentucky, Marekani, na okestra yake ilianzishwa mwaka 1937. Desemba 2010 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, na ukafuata mgogoro mrefu na wapigaji. Mwaka 2014 ikamchukua kondakta kijana wa miaka 27, Teddy Abrams. Yeye alianza kuutafuta mji ulipo: shule, mitaa, wanamuziki wa mitindo ya kwao. Louisville ndiko alikozaliwa Muhammad Ali, na mwaka 2017 Abrams alitunga kazi kubwa ya jukwaani juu ya maisha ya Ali, ikapigwa mjini kwao. Fikiria bondia na okestra ya simfoni katika ukumbi mmoja, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga pale wakaja kwa sababu ni habari ya mtoto wao. Nanyi mna watu wenu, mna mlima wenu, mna historia za mifereji ya maji na ushirika wa kahawa wa KNCU ambazo mtunzi kijana wa hapo anaweza kuzigeuza muziki. Mpeni kazi hiyo mwaka huu, hata iwe ya dakika sita.

Louisville ilifanya jingine ambalo ni la siasa, na lazima ulielewe. Mwaka 2022 bunge la jimbo la Kentucky liliipa dola milioni 4.3 za miaka miwili, kwa sharti kwamba izunguke jimbo zima na kupiga bure kwenye miji midogo. Wabunge wa vijijini hawana sababu ya kulipia starehe ya mji mkubwa. Walikubali kwa sababu okestra ilikuwa inakwenda kwa wapiga kura wao. Ninyi mnasema ni okestra ya mkoa, lakini je, mmewahi kupiga Same? Rombo? Mwanga? Siha? Sisemi mkodi basi la watu arobaini. Fidla mbili, viola na selo wanaenea kwenye gari moja la Noah na vyombo vyao. Wanne hao wakipiga saa moja kwenye shule ya sekondari ya Same, kisha wakaacha watoto washike upinde kwa mikono yao, mmeingia wilaya ya Same. Tembeleeni wilaya zote, halafu ndipo mwende kwa afisa utamaduni na kwa mkuu wa mkoa, mkiwa na picha na barua za shukrani za walimu wakuu. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwe umekamilika kabla ya hapo, maana ofisi haiwezi kusaidia kikundi kisichotambulika hata ikitaka.

Mazoezi yenu nayo yatoeni kwenye chumba kilichofungwa. Kule Bremen, Ujerumani, okestra ya Deutsche Kammerphilharmonie ilihamishia mazoezi yake mwaka 2007 ndani ya shule moja ya mtaa wenye hali duni. Wanafunzi wanakaa katikati ya wapigaji mazoezi yakiendelea, na kila mara hutengenezwa onyesho kubwa la mtaa ambalo watoto na majirani wanapanda jukwaani. Hapa kwetu Afrika Mashariki, katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, mradi wa muziki wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha tangu 2008 kwenye eneo la kanisa jirani na jalala la Dandora, na waliotangulia kujifunza ndio wanaowafundisha wadogo zao. Tafuta shule moja ya msingi Moshi yenye ukumbi au hata mti mkubwa, mfanye mazoezi ya Jumamosi pale, milango wazi. Bebeni vibanio vya nguo vya kushikia nota, upepo wa mchana ni adui.

Fedha zenyewe ziombwe kidogo kidogo kwa watu wengi. Mimi ningechagua wanachama mia tano wa shilingi elfu mbili kwa mwezi kabla ya kampuni moja ya milioni moja. Kiasi ni kilekile, lakini kampuni ikibadilisha meneja mmekwisha, na wale mia tano hawawezi kuondoka siku moja. Tena kampuni huja yenyewe ikiwaona wale mia tano. Walipe kwa simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la okestra na si la mtu. Mweka hazina asiwe wewe, wala ndugu yako, wala mpigaji. Kila onyesho, kabla ya kipande cha mwisho, mtu asimame asome kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni aibu ndogo. Watu wetu wametoa sana na kuibiwa sana, na kusoma hesabu hadharani kutawapatia wachangiaji ambao hotuba yoyote isingewapata.

Limebaki lile shirika linaloondoka. Msiwaombe mwaka mmoja zaidi wa posho. Waombeni mambo mawili ambayo hamwezi kuyapata kirahisi wakishaondoka. La kwanza ni karatasi: vyombo vyote viandikwe, kimoja kimoja kwa namba yake, na vikabidhiwe kwa chama chenu kwa sahihi. Nimeona vyombo vizuri vikifungiwa stoo kwa ugomvi wa mwenyewe nani, watoto wakikua bila kuvigusa. La pili ni fundi. Moshi ina maseremala hodari. Achaguliwe mmoja kijana mwenye mkono mwepesi, alipiwe mafunzo ya kutengeneza fidla na selo: kubandika ubao uliofumuka gundi, kuchonga daraja, kufunga nywele mpya kwenye upinde. Aachiwe na nyuzi za akiba za kutosha, hasa ule wa E wa fidla, maana ndio unaokatika kabla ya wengine. Mafunzo yake yaanze mapema, wakati wale wanaomlipia bado wana ofisi na unaweza kwenda kuwagongea mlango.